Kinu cha Chuma na Jina la Mwikali

Nimekosa, jamani. Mtanihukumu, lakini bora mnihukumu nikiwa nimesema.

Mimi ni wa Mwingi. Chuoni nilisoma na Mwikali, msichana wa Ikutha, tukawa kama ndugu. Kazi yetu ilikuwa kutambua mawe ya mwezini kutoka huku chini, kwa kusoma mwanga wake tu. Lakini mwezi hauna hewa ya kuukinga. Jua na vumbi la angani vimeupiga mpaka uso wake umekuwa mweusi, umejaa vipunje vya chuma, na mwanga wake unadanganya. Kwa hivyo tulisaga mawe ya kawaida, tukayapiga kwa mwale mkali wa leza yazeeke vivyo hivyo, tupate kulinganisha.

Mwikali alikuwa mkali. "Sagia kwa kinu cha kauri pekee. Chuma kikiingia kwa unga, tumejidanganya wenyewe."

Siku moja alimpeleka mamake hospitali. Kile cha kauri kilikuwa na ufa. Mimi na haraka zangu nikachukua cha chuma!

Unga ukawa mweusi, mzuri ajabu. Profesa wetu akafurahi, matokeo yakatangazwa. Halafu watu wa chuo kingine wakaupima, wakakuta chuma cha kinu. Chupa ya ule unga ilikuwa na jina la Mwikali, kama chupa zetu zote za unga. Profesa akauliza, nikaangalia viatu vyangu.

Mwikali akafukuzwa, eti ni tapeli. Woi!

Nilienda Ikutha kumwona. Mamake alikuwa kitandani, amekwisha kabisa. Akanishika mkono. "Mwanangu, wewe na Mwikali mlikuwa pamoja. Ni ukweli huyu alidanganya?"

"Sijui, mama."

Mwikali alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji.

Tulimzika yule mama kabla sijapata ujasiri. Ndipo nikaenda kwa profesa nikasema yote. Nikafukuzwa, Mwikali akaitwa arudi. Akakataa. Nikampigia simu nikilia.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Kile kinu cha chuma ulikiacha bila kukiosha. Mambo ya chuo ningekusamehe. Lakini mama alikuuliza, na mimi nikisikia."

Akakata.

Sasa hata kanisani, mama yeyote akinishika mkono kunisalimia, nautoa haraka. Ngai, Mungu wangu! Watu wanadhani nina kiburi.

Wewe unayengoja siku nzuri ya kusema ukweli, usingoje. Mimi niliusema wote, bila kuficha kitu, kwa mtu ambaye siye aliyeuhitaji.