Tairi za Kupita Munigi

Nakumbuka siku moja pale Munigi, nimekaa kando ya lami na gurudumu mapajani, wenzangu wananipita mmoja mmoja wakiteremka kuelekea Goma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa mbio ya wasichana, kutoka Birere, pale mjini Goma, hadi Rumangabo na kurudi, na mimi nilikuwa nimeongoza njia yote hadi hapo. Tairi la nyuma lilikuwa limechanwa na koro, lile jiwe letu jeusi la volkano, lenye makali kama chupa iliyopasuka.

Wewe uliyekulia hapa unajua, mwanangu. Malori hupakia makoro Munigi ya kujengea nyumba, na kila yanapoingia shimoni hudondosha vipande barabarani. Hata mimi nilijua. Lakini nilikuwa nimechagua tairi nyembamba kuliko zote sokoni, nikazijaza upepo mpaka zikawa ngumu kama mti, kwa kuwa niliamini kilicho chembamba na kigumu ndicho chenye mbio.

Kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli huku, ilikuwa ya kaka yangu Paluku, aliyekuwa mfanyabiashara wa Butembo. Aliponiona nafika Birere nikiisukuma, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Kavira, ni mara ya pili unafika na miguu," alisema. "Mbio ingine ni mwezi ujao, nami nitakuwa hapa. Ukishindwa kufika, kinga naifunga juu ya lori, narudi nayo Butembo. Kule itabeba ndizi, itapata kazi."

Nililia, sitakuficha. Hakuna kitu nilichokipenda kama kinga ile. Kesho yake nikamwendea Muzee Bizimana, fundi wa kinga pale Birere, nikiwa na kipande cha tairi kuukuu la pikipiki. Unajua wenye chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, hupigilia mpira wa namna hiyo kwenye magurudumu yao ya mbao, na chukudu haijui kupasuka. Nami nikaona nimepata dawa: nimwombe akikate, akitandike ndani ya tairi zangu.

Muzee akakipima uzito mkononi. "Weye, unaenda mbio ao unapeleka viazi soko?"

"Papa, mimi nataka tu nifike."

"Kufika tu? Basi panda moto, dakika kidogo umefika!"

Madereva wa pikipiki, hizo moto zenyewe, waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akanivutia kigoda, na asubuhi ile akanifundisha jambo ambalo nimeishi nalo mpaka leo.

Kwanza alishusha tairi mbili ukutani, akaniambia nizibonye kwa kidole gumba. La kwanza lilikuwa nene kila mahali. Hilo halitoboki ovyo, alisema, lakini kila linapozunguka linakula nguvu ya miguu yako, kwa sababu halikunjiki. La pili lilikuwa laini ubavuni, likakunjika kama kitambaa, lakini nilipobana sehemu inayokanyaga barabara niliona kuna kitu kigumu kimelala chini ya mpira. Ulikuwa mkanda wa nyuzi ngumu, uliofumwa karibukaribu ili jiwe lisipenye. Ugumu pale tu panapokanyaga, ulaini kwingine kote: hilo ndilo tairi.

Tena lilikuwa pana kidogo kuliko yangu. Nikashtuka, nikamwambia litanichelewesha. Akachukua gurudumu langu gumu, akalidundisha juu ya makoro ya uani. Likaruka mpaka gotini.

"Umeona? Nguvu yako inaenda juu, na Rumangabo iko mbele," alisema. "Tairi pana kidogo, upepo kidogo chini, inameza kijiwe, inaendelea."

Akapima kwanza kama litapita kwenye uma unaoshika gurudumu bila kugusa. Akakataa lililokuwa limening'inia juani, lenye nyufa ndogondogo kama kisigino cha mkulima. Akanifungia nyingine mbili nzima, na akanikabidhi sindano nene ya kushonea magunia: kila baada ya safari nizungushe gurudumu polepole, nichokoe vipande vilivyonasa. Kwa maana koro, alinieleza, mara nyingi halitoboi siku linapoingia. Linakaa, linasukumwa ndani kila mzunguko, kisha linakuumbua siku unayoihitaji kinga yako.

Siku ya mbio Paluku alikuja na kamba mpya begani. Kamba ilisema yote.

Tulipanda hadi Rumangabo, tukageuza. Tulipokaribia Munigi tulikuwa watatu mbele, na hapo lori lilikuwa limetoka kupita, lami imejaa vipande vyeusi. Mmoja akafunga breki. Mwingine nikasikia tairi lake linapiga kelele, pshii! Mimi nikashika usukani kwa ulaini, nikapita. Vijiwe viliruka pembeni vikigonga fremu, nami nikawa nangoja ule mtikisiko wa upepo kuisha. Haukuja. Mwanangu, nilipiga kelele peke yangu barabarani kama kichaa, na niliteremka mpaka Birere bila kuona mgongo wa mtu mbele yangu!

Muzee Bizimana hakunipongeza kwanza. Alipitisha kidole kwenye tairi la nyuma, akatia sindano, akachomoa kipande cha koro kikubwa kama punje ya mchele. Kilikuwa kimepenya mpira wote wa juu kikagota kwenye mkanda. Akakiweka katika kiganja cha Paluku.

Kaka yangu akakigeuza kwa kidole. Kisha akacheka, akaishusha kamba begani. "Sasa hii nifunge nini?"

"Nipe mimi," nikamwambia. "Nitaanikia nguo."

Naianikia mpaka leo.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayeniuliza ununue tairi gani. Usidanganywe na wembamba, wala usijifiche ndani ya unene. Bonya kwa kidole chako mwenyewe: tafuta mkanda chini na ulaini ubavuni. Ongeza upana kidogo, punguza upepo kidogo, na usikose kuchokoa vijiwe. Hata usipokuwa mwenye miguu mikali kuliko wote, utawapita wengi waliokaa kando ya lami.

Mungu akutangulie kila kona, akurudishe Goma ukiwa juu ya kinga yako, upepo umejaa na meno yote nje kwa kicheko.