Mizani ya Wifi Mita

Wifi yangu alinunua mkasi wa kukatia kwato kabla hajanunua kitanda. Nalisema hili mapema ili mjue nilikuwa naishi na mtu wa namna gani. Kiwanda cha sare alichoshonea tangu ujana kilifungwa, akaja kwetu na cherehani yake, begi moja na godoro lililofungwa kamba, na mume wangu akampa chumba cha uani. Ng'ombe akivunjika mguu hukimbilia zizini, kwa hiyo sikuona ajabu. Ajabu ilikuwa pale aliposema hatashona tena, atafuga kondoo.

"Kondoo wa nani?" nikamwuliza.

"Wangu, wifi. Jirani wa bondeni anahama, anauza majike na dume lake."

Tulimwita Mita kwa sababu ya mkanda wa kupimia aliouvaa shingoni hata akiosha vyombo. Mume wangu ni kaka yake mkubwa, fundi wa pampu za maji, mtu mwema ila mwepesi wa kuamua mambo ya wenzake. Akamwambia achukue uwanja wa nyuma ya nyumba, ambao majani yake yalikuwa yanaota bure. "Chukua tu, mdogo wangu. Mimi na wewe tutadaiana?" Wifi akashukuru, na mimi nikaingia ndani kufunga madirisha, maana nilishaanza kusikia harufu ya kondoo kabla hawajafika.

Akiba yake ya kiwandani akaanza kuipeleka kwa muuza pembejeo. Alirudi na vipande vya uzio vya chuma, vile vinavyounganishwa kwa pini, ili ahamishe zizi majani yanapokwisha upande mmoja. Alirudi na kihori kirefu chembamba. Nikamwuliza kwa nini asichukue kipana kwa bei ileile, akasema kipana kondoo huingia na miguu yote, akala hapo na kujisaidia hapohapo. Akanunua bomba la kunyweshea dawa, lenye mrija uliopinda wa kupita pembeni mwa ulimi. Akanunua rangi ya kuwapaka mgongoni na chupa yenye chuchu kwa wanakondoo ambao hata mimba zao zilikuwa hazijaonekana. Yeye mwenyewe alivaa kandambili zilizoshonwa kwa uzi wa cherehani.

"Wifi," nilimwambia, "kondoo wako wana mali kuliko wewe."

"Wacha wawe nayo. Wao ndio watakaonilisha."

Mvua zilipoanza, kondoo watatu wakafa mmoja baada ya mwingine. Walikonda wakiwa wanakula, wakavimba chini ya taya, wakalala, basi. Mume wangu alichimba shimo la watatu huku amekunja uso, na alipomaliza akachomeka koleo ardhini akasema, bila kumtazama dada yake, kwamba uwanja wake si makaburi. Akifa mwingine, atamwita mchinjaji achukue wote waliobaki wakiwa bado wana nyama.

Mita hakubishana. Alinifuata jikoni, akasimama mlangoni.

"Wifi, nimeshona nguo za watu nisiowajua miaka yote hiyo, na kengele ya kuanza na ya kumaliza alipiga mtu mwingine. Hawa nimewachagua mwenyewe. Wakienda kwa mchinjaji, mimi nitabaki mgeni wa chumba cha uani mpaka nizeeke."

Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika juu ya harufu, na siku hiyo nikaona aibu.

Daktari wa mifugo alikuja kesho yake, mama mmoja wa makamo mwenye mabuti ya mpira na haraka zake. Alimshika kondoo wa kwanza kichwa, akavuta kope ya chini kwa dole gumba. Ndani kulikuwa kweupe kama karatasi, mahali panapotakiwa kuwa pekundu. Wa pili vilevile.

"Minyoo inawanyonya damu. Uliwapa dawa?"

"Niliwapa wote, kwa bomba."

"Kiasi gani?"

"Cha saizi ya kati," akajibu wifi yangu.

Daktari alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mkalimani. Ikabidi Mita aeleze. Kiwandani, mteja akileta kazi kubwa bila vipimo, wanakata saizi ya kati. Mnene atabana pumzi, mwembamba atafunga mkanda, na mzigo unatoka kwa wakati. Naye alipowatazama kondoo wake, wakubwa kwa wadogo, akawatafutia saizi ya kati akawapimia wote dawa sawa. Kwa roho safi kabisa, mwenye mkanda wa kupimia shingoni.

"Nguo ikibana mtu hafi," daktari alisema. "Lakini kondoo mkubwa akipewa dawa ya mdogo, minyoo haifi. Dawa inakwenda kwa kilo. Pima kila mmoja. Huna mizani, kopa. Hukupata, nunua. Mizani ilitakiwa itangulie hivi vingine vyote."

Mita alikisugua kichwa cha yule kondoo. "Basi nimewaua mimi," akasema.

Daktari hakumfariji wala hakumtesa. Alimwandikia dawa nyingine, ya aina tofauti, akaenda zake.

Kuanzia hapo wifi yangu alilivalia njuga. Aliuza meza yake ya kukatia vitambaa, akaenda sokoni akarudi na mizani ya kuning'iniza kama zile za kupimia magunia, pamoja na kapi, gurudumu la kupitishia kamba, na kamba nene. Cherehani niliyodhani imestaafu ikafunuliwa, akaanza kushona turubai: kipande kipana cha tumboni, matundu manne ya miguu, mikanda miwili ya kupita juu. Sindano tatu zilivunjika, na kila ilipovunjika alitia nyingine akaendelea. Siku ya pili tukafunga kapi kwenye boriti ya banda lililo kando ya zizi. Nasema tukafunga kwa kuwa nilishapandishwa juu ya pipa bila hata kuulizwa kama nataka.

Kondoo wa kwanza kupimwa alinipiga teke la goti ambalo mpaka leo nalikumbuka kukiwa na baridi. Nilivuta kamba, Mita akasoma kilo, akamnywesha dawa yake, akampaka rangi, akamwachia. Tulipomaliza nilikuwa nanuka kuliko kondoo wenyewe, na cha kushangaza nilikuwa nacheka. Hakuna hata wawili waliolingana. Yule ambaye Mita alidhani ndiye wa kati alikuwa mmoja wa wadogo.

Muuza pembejeo naye alimkoma. Alijaribu kumpa jiwe la chumvi la kulambwa na ng'ombe, kwa kuwa chumvi ni chumvi. Mita alisoma karatasi yake yote mpaka maandishi madogo, akaligeuza, akalirudisha mezani. "Lina shaba nyingi. Ng'ombe anaiweza, kondoo inamuua. Nipe la kondoo." Yule bwana alikwenda stoo akinung'unika, lakini alirudi nalo.

Kondoo waliobaki wakaanza kunyanyuka, isipokuwa mmoja. Alikuwa jike mwenye uso mweusi, mkubwa kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyekuwa amepunjwa dawa kuliko wote, na isitoshe alikuwa na mimba pevu. Asubuhi moja tulimkuta amelala ubavu, masikio ya baridi. Mita alimnywesha maji ya molasi, akamgeuza upande. Siku iliyofuata alikuwa bado chini. Mume wangu alimwona kutoka dirishani akinywa chai, akachukua simu.

Mchinjaji alifika kabla chai haijapoa vizuri, na aproni yake ameikunja kwapani. Mita alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, mikono kwenye vyuma.

"Kaka, ulisema akifa mwingine. Huyu hajafa."

"Amelala tangu jana, Mita."

"Na wewe ulilala tangu jana. Kuna mtu alikuitia mchinjaji?"

Mchinjaji aliangalia chini, mabega yakimtikisika. Mume wangu hakucheka. Akasema kondoo asiyesimama ni mfu anayesubiri saa yake, sikio la kufa halisikii dawa, na neno lake halirudi nyuma. Mita akamwambia na lake pia halirudi: siku huyo kondoo akikata roho, yeye mwenyewe atawafungua wote na kuwapeleka machinjioni kwa mguu, bila kusumbua simu ya mtu. Lakini leo hatoki hata mmoja. Mikono yake haikubanduka kwenye vyuma.

"Fundi," mchinjaji akamwambia mume wangu, "mimi nanunua kondoo, sinunui ugomvi wa ndugu."

"Kabla hujaondoka," wifi yangu akamwambia, "una mgongo mzuri. Nisaidie kumbeba."

Ndivyo mchinjaji aliyekuja kuchukua kondoo alivyombeba mgonjwa hadi bandani na kumvika turubai la mizani. Tukavuta kamba. Mita alisoma kilo, akapima dawa, kisha, badala ya kumshusha, akalegeza kapi kidogokidogo mpaka kwato zote nne zikagusa sakafu, akafunga kamba hapo. Kondoo akawa amesimama bila kujua kwamba amesimama. Mita akainua karai la majani juu ya matofali mpaka likafika mdomoni mwake. Alipoona anachezesha midomo tu, akamtilia majani kinywani, akamshika taya.

Alikaa naye hivyo. Alimshusha apumzike, akampandisha, akamsugua miguu kwa gunia, akamkata kwato zilizokuwa zimejikunja, kwa kuwa, alisema, hata akipata nguvu hawezi kusimamia viatu vilivyopinda. Alikula akiwa amekaa juu ya ndoo. Mimi nilimpelekea chakula nikampokea zamu, na ukweli ni kwamba nilimwogopea yeye kuliko kondoo. Nilijua ile ahadi aliyoitoa mlangoni ataitimiza. Watu wa ukoo ule hawarudi nyuma, nimeolewa nao najua.

Mume wangu alipita bandani kila jioni kama mtu anayetafuta spana. Siku moja akauliza, "Bado?"

"Bado hajafa," dada yake akamjibu, akaendelea kusugua.

Siku aliyolegeza kamba kabisa tulikuwepo wote watatu. Kondoo aliyumba, akapiga magoti, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amenyanyua nyuma, kisha mbele, akaenda mwenyewe hatua chache mpaka kwenye kihori cha wenzake akasukumana nao. Mita alikaa sakafuni akalia waziwazi, akifuta pua na macho kwa mkono ulionuka dawa. Kabla mvua hazijaisha, yule mwenye uso mweusi akazaa mwanakondoo mmoja mkubwa, na hakuna mwingine aliyekufa.

Mume wangu si mtu wa kuomba radhi kwa maneno. Alichofanya, jioni moja, ni kuja uani akiwa ameoga na kuvaa shati safi, akakaa kwenye benchi mbele ya chumba cha dada yake.

"Mdogo wangu, nimefikiri. Chukua na ule uwanja wa upande wa kisima. Nimekupa wote. Sitaingilia tena."

Nilitabasamu, nikadhani mambo yamekwisha. Mita alifuta mikono kwenye kanga yake, polepole.

"Ahsante, kaka. Lakini sitaki unipe."

"Hutaki?"

"Ulinipa ule wa kwanza. Kwa hiyo ulipokasirika ulikuwa wako, na kondoo wangu wakawa wako. Mimi nataka nikodi. Unitajie kodi, tuandikishane, wifi awe shahidi. Nikishindwa kulipa, nifukuze. Kondoo akifa, ni msiba wangu."

"Mimi ni kaka yako."

"Ndiyo maana nimeanza kukuuliza wewe kabla sijamwuliza mtu mwingine."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Nilimtazama, mimi niliyekula na kulala katika nyumba ya kupewa tangu niolewe. Alikwangua grisi chini ya kucha. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya heshima anayoitumia kwa wateja wake, kama angependa kodi ianze mwezi huu au ujao.

"Mwezi huu," akasema wifi yangu, akaenda kuwanywesha kondoo wake maji.