Hongera za Sungura

Mwanafunzi wa udaktari wa wanyama anayejifunzia kituoni kwetu, penye mbwa na paka waliotupwa, hupasha joto kifaa cha kusikilizia moyo kwapani kabla ya kumgusa mgonjwa, na kila anayedungwa sindano huombwa radhi kwanza. Jana sungura wetu mzee alitimiza miaka tisa. Kwa kuwa sisi Waholanzi siku ya kuzaliwa huupongeza ukoo mzima wa mwenye siku, binti huyo mwanafunzi akapita banda kwa banda akiwashika wanyama miguu kama anayepeana mikono: "Hongera, mzee, jirani yako katimiza tisa leo." Yule mbwa mkali, aliyetunyima mguu wake mbovu wiki nzima, akautoa mwenyewe kati ya nondo. Binti akaushika, akampongeza, akachomoa mwiba.

Bi Hettinga, mkuu wetu, akaitazama kalenda. "Mwanangu, kesho ni siku ya kuzaliwa ya nani? Kuna paka anayekataa kukatwa kucha."