Siku Niliyofagia Dhahabu Makongolosi

Nilipokuwa mtoto kule Ubaruku, mgeni asiyeshika ufagio asubuhi alionekana hana adabu. Mama alinifunda hivyo, nami nilipenda mno kusifiwa. Basi likizo moja, nikiwa na miaka tisa, nilipelekwa Makongolosi kwa mama mdogo Atu. Kesho yake niliamka kabla ya wote, nikaufagia uwanja mzima mpaka ukang'aa.

Sikujua kwamba mume wake, Baba Zawadi, alikuwa ametwanga pale uwanjani mawe ya duara lake, yaani shimo lake la dhahabu. Unga wa mawe hayo aliuosha haraka haraka, hasira zimempanda, asione kitu. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ametangaza kwamba duara analifunga, wanahamia kwetu kulima mpunga.

Mama mmoja mpita njia aliliona rundo langu la vumbi. "Mwanangu, takataka hizo unatupa? Nipe mimi."

Nikamjazia ndoo, nikamsaidia kujitwisha. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote Mbeya nzima.

Bibi Sekela, mama yake Baba Zawadi, alipotoka nje alishika kichwa. "Mwe! Nani kafagia? Mjukuu wangu, dhahabu haipigwi ufagio! Mkishatwanga, siku saba uwanja hauguswi na mtu. Ikiona ufagio inahama!"

Nililia kwa kwikwi. Dhahabu yenyewe sikuijua hata rangi. Nilichoelewa ni kwamba dhahabu ikihama nao watahama, nami ndiye niliyewafukuza kwao. Nilipomweleza kwamba vumbi amelichukua mpita njia kwa ndoo, Bibi akajifunga kanga kiunoni, akanishika mkono. "Kulia hakurudishi kitu. Twende tukaifuate."

Tukatoka watatu, Bibi, mama mdogo na mimi. Kila tuliyemuuliza habari za mama mwenye ndoo alianza kwanza na hadithi yake. Kinyozi alituonyesha mtambo wenye kutu ulioachwa na Wazungu wa zamani, kuku wanataga ndani yake, akaapa kwamba babu yake ndiye aliyekuwa akiuwasha. Kwenye shimo kuukuu lililozungushiwa miiba, Bibi alinipa kokoto nitupe, nisikilize. Ilikawia kufika chini hata nikadhani wenye shimo wameidaka. Muuza mandazi akanipa mawili bure kwa sababu macho yangu yalikuwa mekundu, kisha akatuelekeza mtoni. Nakiri kwamba kufikia mchana nilikuwa nimesahau kosa langu, nafurahia matembezi.

Yule mama tulimkuta amechutama majini, anazungusha karai.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa woga.

"Marahaba. Ahaa, mtoto wa ndoo! Njoo uone."

Chini ya mchanga mweusi palikuwa na mstari wa njano, mwembamba kama uzi. Mama mdogo Atu alikaa chini majini na gauni lake.

"Sikuiba, jamani," yule mama akajitetea. "Nilipewa."

"Ulipewa, ni yako," Bibi akasema. "Sisi tulifuata habari, na tumeipata. Kumbe duara lina mali!"

Tulirudi tukicheka njia nzima. Baba Zawadi hakufunga duara, na Ubaruku hawakuhamia. Jioni nilimuuliza Bibi mbona dhahabu haikuhama. "Imehama," akasema. "Imehamia kwenye ndoo."

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Iringa, na mwiko ule nauelewa kwa namna yangu: vumbi la uwanja wa mchimbaji lina mali, na wazee walililinda kwa hofu kwa kuwa haliwezi kufungiwa kufuli. Nilipomweleza Bibi hivyo, alinitazama kwa huruma, akasema shule imeniharibu. Mpaka leo nikienda kumsalimu, huficha ufagio kwanza ndipo anikumbatie.

Namwacha afiche. Ninachokumbuka zaidi ya ule uzi wa njano ni mkono wake. Tangu asubuhi aliamini kabisa kwamba nimeiangamiza nyumba ya mwanawe, na bado hakuuachia mkono wangu mpaka mtoni.