Vile mama bukwe alifagia joint yangu

Nianzie na haya yenyewe, benye kucheka bacheke mbele: mama bukwe, mama ya bibi yangu, alifagia kazi yangu. Sisemi alinigombeza. Alikamata fagio, akafagia, kazi ikaingia mu pelle ya kuzolea takataka, akaenda kuitupa inje pamoja na maganda ya mihogo. Kazi ya siku mbili. Mi nilikuwa nasimama pa mulango na mukate mu kinywa, sikujua kama niumeze ao niuteme.

Mi ni fundi wa karo, ile bigae ya kupanga chini mu nyumba. Hapa Kolwezi kila mutu mwenye alishabeba mufuko ya simenti anajiita fundi, basi na mi nilijiingiza. Masomo niliachia ku secondaire, mwaka yenye banaanza kufundisha chimie, ile kemia. Utaona mwenyewe kama ile chimie ilikuwa ya kuachia.

Habari ilikuwa hivi. Bibi yangu alizaa mutoto ya kwanza. Kwetu, mimba ya kwanza mwanamuke anaenda kuzalia kwa mama yake, na ni mama njo anasema siku gani atarudia. Bengine banarudia kisha mwezi moja. Wangu ilikuwa inaingia mwezi ya ine. Nyumba yangu ilikuwa inanuka mwanaume. Nilikuwa nakula bukari, ugali ya kujipikia, ilikuwa inashika mu koo kuliko karo inashika ku simenti.

Na kumulomba mama bukwe mu uso, hapana. Bukwe hamutazamane. Unasimama mbali, unapiga makofi, unainama, unasema jambo yenu mama, unaangalia biatu byake. Yee naye haseme na we. Anasema na bibi yako, na we uko pale pale unasikia. Siku moja mi niko ku baraza, yee eko mu salon, mulango wazi, katikati yetu hata meta mbili hakuna:

"Mwambie bwana yako, batizo ya mutoto ni kisha juma tatu. Siwezi kupokea batu mu hii vumbi. Kama kweli ni fundi, aniwekee karo. Siku karo itaisha, atabeba batu bake."

Bibi yangu akanigeukia. "Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Anasema amesikia," akamwambia mama yake.

"Niko na masikio," mama akasema. Kwa bibi yangu.

Karo yenye alikuwa amenunua ilikuwa ya udongo ya kuchoma, nyekundu, haina rangi ya kungaa juu. Ile karo inakunywa kila kitu. Ukikuya kutia joint, ni kusema ile simenti laini ya kujaza katikati ya karo na karo, inakunywa na ile, inabakia na madoa nyeupe sawa mutoto mwenye alikunywa maziwa. Muuzaji aliniambia: "Papa, hii unaipakaa cire mbele, kisha unatia joint. Cire inafunga kinywa yake."

Cire, ile nta ya kungarisha chini, naijua. Mi nilikomalia mu nyumba ya camp ya bachimbaji ba mine, chini ni simenti, na kila siku ya posho, jumamosi, mama yangu alikuwa anatupigisha magoti na kopo ya cire nyekundu, tunasugua mpaka unaona meno yako pale chini. Nikasema mu roho: hapa nimefika kwetu.

Mutu mwenye akili angekamata kitambaa, angepakaa uso ya karo tu, kidogo kidogo, halafu basi. Lakini kidogo si heshima kwa bukwe. Mi niliyeyusha cire mu sufuria juu ya moto ya makala, nikachovya kila karo sawa mukate mu chai, uso na kando zote ine. Mugongo tu njo niliachilia, juu hata mi nilijua simenti ya chini inaomba fasi ya kushika. Kisha nikapanga, nikangojea ikauke, nikatia joint, nikapanguza. Ile salon ilingaa. Nilitembea ndani na mikono ku mugongo sawa mukubwa wa mine anakagua shimo.

Kesho yake asubui, fagio.

Joint ilikuwa inatoka mizima, mirefu, sawa makaroni. Fagio inapita, inatoka. Inapita, inatoka. Na ile fasi inabakia safi, hakuna hata alama kusema simenti ilishapita pale.

"Ni baruti ya mine," nikamwambia bibi yangu, kwa sauti, mama asikie. "Inatikisa nyumba."

"Mulize bwana yako," mama akasema, hata haachi kufagia, "jana ilikuwa siku ya Mungu. Ni baruti ya kanisa gani?"

Nikakamata makaroni yangu moja, nikaifunga mu karatasi, nikaenda kuona rafiki yangu. Zamani yee njo alikuwa fundi wa kweli, kisha aliacha karo, akaenda kuchimba ku Mutoshi. Aliigeuza, akainusa.

"Ulipakaa cire wapi?"

"Juu."

"Na?"

"Na kando."

"Kando ngapi?"

"Zote ine."

Alikaa chini mu vumbi. Alicheka mpaka jirani yake akatoka kuuliza nani amekufa. "Mukubwa," akasema, "joint inashika kando. We umeipakaa mafuta kando, halafu unaiambia ishike. Shika nyoka na mikono ya sabuni tuone." Kisha akanionyesha: kamata kipande ya lame ya scie, ile meno ya musumeno, ukwangue kando ya kila karo, upanguze na kitambaa ya essence, petroli ya motokari, mpaka kitambaa haitoke tena nyekundu. Cire ya juu, uiache. Ile tu njo ulifanya muzuri, akasema, na ile nayo muuzaji njo alikuambia.

Kila karo, kando ine, na salon ya mama bukwe si kidogo. Nilipiga magoti kutoka asubui. Magoti nyekundu, mikono nyekundu, na essence inanuka mpaka ku njia. Na juma moja ilikuwa imeshapita. Nilihesabu kando zenye zilibakia, nikaona batizo itanikuta chini, nikaona bibi yangu anarudia siku mutoto anaanza masomo.

Siku ya pili, saa ine hivi, mutoto akaanza kupiga chafya. Moja, mbili, tatu, kisha kilio. Mama bukwe akatoka mu chumba na kitenge ku pua.

"Mwambie bwana yako hii harufu itatuulia mutoto."

"Mama anasema..."

"Anakwangua kando," mama akasema, "kwa sababu ya wazimu yake mwenyewe, na itamukamata juma nzima. Kamata bitu yako. Kamata mutoto. Muende kwenu. Yee atakuya kumaliza peke yake."

"Leo?"

"Nilisema kesho?"

Mi niliinamisha kichwa. Kuna kando moja pale, karibu na mulango, ilikuwa safi zamani, niliisugua na kuisugua ile moja, juu kama ningeinua uso bangeona meno yangu yote.

Bibi na mutoto balirudia ile siku. Karo niliimaliza siku mbili mbele ya batizo. Mama bukwe aliipitisha fagio ya nguvu, kona zote, akaangalia pelle: vumbi tu.

Ku batizo batu balicheza juu yake, na rafiki yangu wa Mutoshi alikuya, akakaa karibu na sufuria ya maharagi. Nikamusimulia vile bibi alirudia. Alitafuna kwanza, akameza, akapiga chini na kisigino mara mbili kusikia kama joint imeshika.

"Mukubwa," akasema, "ungekuwa unajua kazi, ungemaliza siku tatu, mama angekutafutia kazi ingine, na huyu mutoto angeota meno pale kwa bukwe."