Mafuta ya Cherehani

Jirani yangu hapa Kigera anakunywaga maji ya moto matupu, hayana majani wala sukari. Mwanzoni nilidhani ni ile shida ya sukari, kumbe ndivyo walivyozoea kunywa huko China, alikosomea mitambo ya kufuma nguo. Tunamwita Injinia. Kiwanda alichorudi kukitumikia kilifungwa mapema, na siku hizi anatia viraka mitumba kwa cherehani barazani. Kila nguo anayoletewa huchomoa uzi mmoja, akausugua kwa vidole, akaguna: "Hii si pamba ya kwetu Bunda."

Juzi lori la vyuma chakavu lilisimama mbele yetu kubadilisha tairi. Lilikuwa limebeba mashine za kiwanda kile. Injinia akainuka, akapanda, akapitisha kiganja kwenye maandishi ya Kichina ubavuni mwa mojawapo.

"Imeandikwaje hapo, Injinia?" nikamuuliza.

"Tia mafuta kila asubuhi."

Akashuka, akachukua kichupa cha mafuta ya cherehani yake, akapanda tena kuitilia. Utingo alipopiga bodi lori liondoke, Injinia bado alikuwa anatafuta tundu la pili la kutilia mafuta.