Usiku wa Ijumaa wa Kaimu

Jana wamemzika Kaimu, na sifa zimejaa mji mzima. Bwana Ratiba, Bwana Ratiba! Mimi nilimjua akiwa bado kijana wa Marambo, kazi yake kupanga malori ya wazungu wa karanga. Wazungu walipofunga virago, tajiri mmoja akaleta basi, Nachingwea kwenda Lindi, safari moja kwa wiki, akamkabidhi Kaimu apange. Hapo kiburi kikampanda. Shati jeupe, kalamu ya wino mfukoni, hata kukuitikia salamu mpaka afikirie.

Kupanga alijua, sikatai. Basi lilitoka jua likizama, maana mchana barabara ya Nanganga ilichoma matairi, na wagonjwa wafike hospitali ya Lindi asubuhi. Akapita vijijini mpaka Ruangwa akitangaza kwa mdomo: "Basi usiku wa Ijumaa!"

Mwaka huo mume wangu Severini alijikata mguu kwa shoka akifyeka shamba. Ukavimba, ukaanza kunuka. Ijumaa mchana ndugu zake wakambeba kwa kitanda mpaka mjini. Basi hakuna. Kaimu amekaa barazani anakunywa kahawa.

"Kaimu, basi liko wapi?"

"Si limeondoka jana, dada Albina."

"Jana Alhamisi! Wewe ulisema usiku wa Ijumaa!"

"Jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia. Usiku unatangulia mchana. Ninyi watu wa kengele za kanisa hata siku hamzijui?"

Baraza zima likacheka. Na mgonjwa yupo pale kitandani, anawasikia.

Sisi tumetoka Msumbiji, watu wa misheni. Kwetu mchana wa Ijumaa kwanza, ndipo usiku wake. Kaimu alijua tupo, tumejaa kila kijiji. Hakuuliza siku tunazihesabuje.

Lori la kutubeba hatukupata. Severini akafa Jumatatu.

Kaimu akaja msibani. "Pole, dada. Neno tu limetupoteza." Limempoteza nani? Yeye alirudi kwake akala ugali. Nikamwambia, toka. Wiki iliyofuata akatangaza, "Basi Alhamisi, jua likizama," na watu wakamsifu: ana akili huyu!

Jana mwanangu Ildefonsi kanifuata shambani. "Mama, twende tukazike. Watu watasema. Mzee wa watu ameshakufa."

"Waseme. Baba yako Ijumaa ile alikuwa hai."

Nikaendelea kupalilia ufuta wangu.